Mkuu wa Chuo si mwenye rungu: Ni nani hasa anayeongoza chuo kikuu?

Na Mwandishi Wetu, Karatu

WAKAZI wa mji wa Karatu wamezoea kuona magari ya vyuo yakipita barabarani. Yapo yanayopeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo katika Hifadhi ya Ngorongoro, na yapo yanayobeba watafiti wa mambo ya kale kuelekea Bonde la Olduvai. Hata hivyo, ni wachache wanaoweza kueleza kwa uhakika ni nani anayeongoza taasisi hizo, na ni nani mwenye kauli ya mwisho pale kijana wao anapofutiwa matokeo, anapoongezewa ada au anapokosa mkopo.

Jambo hilo si dogo. Kuanzia Mang'ola, ambako wakulima hutegemea vitunguu vinavyolimwa kando ya Ziwa Eyasi, hadi Endulen na Nainokanoka ndani ya eneo la hifadhi, zipo familia zinazomsomesha kijana mmoja wa chuo kikuu kwa mchango wa ukoo mzima. Ng'ombe huuzwa, harambee hufanyika, na nauli ya kwenda Dodoma au Dar es Salaam hutafutwa kwa shida. Inapotokea barua ya malalamiko ikapelekwa ofisi isiyohusika, muda wa kukata rufaa hupita na jasho la watu wengi hupotea.

Makala haya yanaeleza jinsi chuo kikuu cha Tanzania kinavyotawaliwa, madaraka yamegawanywa vipi, na kila aina ya uamuzi inatoka wapi.

Jina linalopotosha

Kosa la kwanza hutokana na cheo chenyewe. Katika chuo cha ualimu au chuo cha ufundi stadi, Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji. Yeye ndiye anayeketi ofisini kila siku, anayetia saini barua na kuwasimamia wafanyakazi. Hali ni hiyo hiyo katika vyuo kama Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho kimetoa wahifadhi wengi wanaofanya kazi katika hifadhi za kaskazini, pamoja na Chuo cha Uhasibu Arusha.

Katika chuo kikuu mambo ni tofauti. Mkuu wa Chuo ni kiongozi wa heshima. Huonekana zaidi siku ya mahafali, akiwa amevaa joho, akiwatunuku wahitimu shahada zao. Hapangi ratiba ya mitihani, haajiri wahadhiri wala hasimamii mabweni. Mtendaji mkuu ni yule anayeitwa Makamu Mkuu wa Chuo. Kwa kusikia neno "makamu", wengi hudhani kwamba juu yake yupo mtu mwingine anayeweza kutengua maamuzi yake ya kila siku, na hivyo huandika barua kwa Mkuu wa Chuo wakitarajia miujiza.

Mpangilio huo una asili yake Uingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikitoa masomo ya sheria. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Vyeo vilirithiwa pamoja na muundo wake, na vyuo vikuu vilivyofuata, kikiwamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984 na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, vilipita njia hiyo hiyo.

Mfano wa karibu na nyumbani

Kwa wakazi wa Karatu na Ngorongoro, njia rahisi ya kuuelewa mgawanyo huo ni kuitazama Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo wanaifahamu vizuri. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1959. Inayo bodi ya wakurugenzi, ambayo mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, na inaye Kamishna wa Uhifadhi, zamani akiitwa Mhifadhi Mkuu, ambaye ndiye mtendaji. Bodi inatazama sera na bajeti, Kamishna anatekeleza.

Chuo kikuu kina ngazi hizo mbili. Baraza la Chuo linashika nafasi ya bodi, na Makamu Mkuu wa Chuo anashika nafasi ya mtendaji. Lakini kipo chombo cha tatu ambacho hakipatikani katika mamlaka za kawaida za umma, nacho ni Seneti. Ni chombo hicho ambacho hukifanya chuo kikuu kuwa taasisi ya aina ya pekee, kwa kuwa huwapa wanataaluma wenyewe mamlaka juu ya elimu inayotolewa.

Baraza: Mlinzi wa mali na sera

Baraza la Chuo ndicho chombo cha juu cha utawala. Huidhinisha bajeti, mipango ya muda mrefu, ujenzi, viwango vya ada na kanuni za utumishi. Mali ya chuo, kuanzia ardhi hadi majengo, ipo chini ya uangalizi wake. Mwenyekiti wa Baraza si mwajiriwa wa chuo, na wajumbe hutoka pande mbalimbali: Serikali, wanataaluma, wafanyakazi wengine, wanafunzi na watu wa nje wenye ujuzi unaohitajika.

Baraza halikutani kila wiki, wala halisikilizi mashauri ya mwanafunzi mmoja mmoja kuhusu alama za mtihani. Lakini pale ada inapopandishwa, au fedha za chuo zinapodaiwa kutumika vibaya, Baraza ndilo linalopaswa kujibu.

Suala la ada linagusa Ngorongoro kwa namna ya pekee. Kwa miaka mingi Baraza la Wafugaji Ngorongoro, lililokuwa likipokea fedha kutoka Mamlaka ya Hifadhi, liliwalipia ada vijana wa jamii ya wafugaji. Kila kiwango cha ada kilichoidhinishwa na Baraza la chuo fulani kiliongeza au kupunguza idadi ya vijana ambao fedha hizo zingeweza kuwasomesha. Kwa hiyo uamuzi uliofanywa katika ukumbi wa mikutano mamia ya kilomita kutoka kreta ulifika moja kwa moja katika maboma ya Endulen.

Seneti: Nyumba ya taaluma

Seneti ndiyo yenye kauli ya mwisho katika masuala ya taaluma. Huongozwa na Makamu Mkuu wa Chuo, na wajumbe wake wengi ni wanataaluma wanaoongoza vitengo vya kufundishia. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vitengo hivyo ni ndaki, shule kuu na taasisi. Ndaki huongozwa na Rasi, shule kuu huongozwa na Amidi, na taasisi, kama ile ya Taaluma za Kiswahili, huongozwa na Mkurugenzi.

Matokeo ya mtihani hupanda ngazi kwa ngazi. Mhadhiri husahihisha, idara hujadili, bodi ya ndaki au shule hupitia, kisha Seneti huthibitisha. Ndiyo maana matokeo yanayobandikwa mapema huandikwa kwamba ni ya muda. Mwanafunzi aliyeondolewa masomoni kwa kufeli ameondolewa kwa uamuzi unaothibitishwa na Seneti, na rufaa yake hana budi kuianza ngazi ya chini, kwa maandishi, ndani ya siku zilizotajwa katika kanuni za mitihani za chuo chake.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mzazi huona ni heshima zaidi kwenda moja kwa moja kwa mkubwa. Lakini katika taaluma, mkubwa hana ruhusa ya kubadili alama akiwa peke yake. Hata Makamu Mkuu wa Chuo hawezi kumpa mwanafunzi shahada ambayo Seneti haijaithibitisha.

Makamu Mkuu na wasaidizi wake

Makamu Mkuu wa Chuo hubeba mzigo wa kila siku: taaluma, utawala, fedha na nidhamu. Husaidiwa na manaibu, ambao kwa kawaida mmoja hushughulikia taaluma na mwingine mipango, fedha na utawala. Makazi na ustawi wa wanafunzi viko chini ya mshauri au mlezi wa wanafunzi, ambaye mara nyingi ndiye ofisa wa kwanza kufahamu kwamba kijana fulani ameishiwa fedha au amepatwa na msiba.

Historia ya Dar es Salaam inaonyesha jinsi nafasi hiyo ilivyobadilika. Makamu Mkuu wa kwanza, Pius Msekwa, aliyeteuliwa mwaka 1970, alitoka katika uongozi wa chama cha TANU. Katika miongo iliyofuata nafasi hiyo ilishikwa na wanataaluma, akiwamo Profesa Matthew Luhanga kuanzia mwaka 1991 hadi 2006, na baada yake Profesa Rwekaza Mukandala. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alimteua Profesa William Anangisye kushika nafasi hiyo.

Rais na vyuo vikuu

Uteuzi huo unazusha swali la zamani: chuo kikuu cha umma kina uhuru kiasi gani mbele ya Serikali inayokilipia?

Hapo mwanzo swali halikuwapo, kwani Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa wa kwanza mwaka 1970, na Rais Ali Hassan Mwinyi akamfuata. Baadaye nafasi hiyo ilikabidhiwa watu wasio wakuu wa nchi walio madarakani: Paul Bomani, Balozi Fulgence Kazaura, na tangu mwaka 2016 Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kilikuwa na Rais mstaafu Benjamin Mkapa hadi alipofariki dunia Julai 2020.

Majirani walipita njia hiyo pia. Nchini Kenya, Rais Daniel arap Moi alikuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma, hadi mrithi wake, Mwai Kibaki, alipoanza kuwaachia wengine nafasi hizo. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni alikuwa Mkuu wa Makerere hadi mwaka 2003, nafasi hiyo ilipokwenda kwa Profesa Apolo Nsibambi. Lakini kuvua joho si sawa na kuachia madaraka. Novemba 2016, wakati wa mgomo wa wahadhiri, Museveni aliamuru Makerere ifungwe, nayo ikabaki imefungwa hadi Januari 2017.

Zanzibar imebaki na utaratibu wa zamani, ambapo Rais wa Zanzibar ndiye Mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Wanafunzi nao wana kiti

Sheria na hati za vyuo vikuu huwapa wanafunzi haki ya kuwa na jumuiya yao na uwakilishi katika vyombo vya maamuzi. Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400 na kuwarudisha makwao. Uamuzi ule haukupita katika Seneti wala Baraza, ulitoka Ikulu.

Miaka mitano baadaye, Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi akilalamikia jinsi chuo kilivyoendeshwa. Alifukuzwa na kuondolewa chuoni na askari wenye silaha. Tukio hilo liliwatikisa wanafunzi na wahadhiri, na likafungua mjadala mrefu kuhusu nani anapaswa kusikilizwa katika uendeshaji wa chuo. Mwaka 1978 wanafunzi walifukuzwa tena baada ya kuandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na jumuiya yao ikapigwa marufuku. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo mwakilishi wa wanafunzi anayeketi leo katika Baraza au Seneti si pambo. Kijana wa Karatu anayempigia kura bila kumjua anachezea silaha iliyogharimu masomo ya waliomtangulia.

Vyuo vya madhehebu

Mkoa wa Arusha una vyuo vikuu vya umma na vya binafsi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo wilayani Arumeru, ni cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Chuo Kikuu cha Arusha, kilichopo Usa River, ni cha Kanisa la Waadventista Wasabato. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, chenye makao makuu Mwanza, kinamilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania.

Vyuo hivi navyo vina Mkuu, Makamu Mkuu, Baraza na Seneti. Tofauti kubwa ni mmiliki. Kanisa au taasisi iliyoanzisha chuo ndiyo yenye sauti katika kuwapata viongozi wa juu na katika mwelekeo wa chuo. Mzazi ambaye ni muumini anaweza kuuliza maswali kupitia vikao vya kanisa lake, njia ambayo mzazi mwenye mtoto katika chuo cha umma hana. Lakini umiliki hauufuti utawala wa taaluma. Askofu hawezi kupandisha alama, kama vile Waziri asivyoweza.

Ni vyema pia kufahamu kwamba Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa Tengeru Novemba 2012, hutoa shahada za uzamili na uzamivu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hawezi kuanzia hapo, ingawa kwa barabara ni miongoni mwa taasisi za umma zilizo karibu zaidi na Karatu.

Macho kutoka nje

Juu ya vyuo vikuu vyote ipo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 kuchukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Tume hutoa ithibati, hukagua ubora na huratibu udahili. Vyuo visivyo vikuu, kama Mweka, viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

Meno ya Tume yameonekana. Mwanzoni mwa mwaka 2016 ilifuta vibali vya matawi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu yaliyokuwa Arusha na Songea, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Julai 2017 ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo uliofuata.

Mei 2016 somo lilikuwa chungu zaidi. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa makwao baada ya masomo yao kukwama. Waliingia chuoni kwa mpango wa Serikali, wakaondoka kwa amri ya Serikali. Vyombo vya ndani ya chuo havikuwa na uwezo wa kuwakinga, na mzazi aliyegonga mlango wa Rasi au Makamu Mkuu hakuwa amegonga mlango wenye jibu.

Mikopo nayo ina ofisi yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi ndiyo inayoamua nani apate na kwa kiasi gani. Chuo hupokea ada na kuthibitisha kwamba mwanafunzi yupo na anaendelea na masomo. Kumlaumu Makamu Mkuu kwa sababu ya kunyimwa mkopo ni kumlaumu dereva kwa bei ya mafuta.

Ugonge mlango upi?

Kwa muhtasari, malalamiko ya alama huanzia idarani na kupanda hadi Seneti. Shida za malazi, ugonjwa na msiba hupelekwa kwa mshauri wa wanafunzi. Adhabu za nidhamu hukatiwa rufaa kwa mujibu wa kanuni za chuo husika. Viwango vya ada na matumizi ya fedha za chuo ni vya Baraza. Mikopo ni ya Bodi. Uhalali wa chuo na wa programu ni wa TCU, na mzazi hana budi kuuthibitisha kabla hajalipa hata shilingi moja.

Katika kila hatua, barua yenye tarehe na nakala yake iliyogongwa muhuri wa mapokezi ina nguvu kuliko safari tatu za kwenda kuomba kwa mdomo.

Mgawanyo huu wa madaraka unaweza kumchosha mtu aliyetoka mbali, lakini umewekwa kwa makusudi. Chuo kikuu kiliundwa ili asiwepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kumpa kijana shahada asiyostahili, wala wa kumnyang'anya ile aliyoitolea jasho. Pale mpaka huo uliporukwa, mwaka 1966, mwaka 1971 na hata mwaka 2016, waliolipa gharama walikuwa wanafunzi na familia zilizowasomesha. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Familia iliyouza ng'ombe kwa ajili ya elimu ina haki ya kuuliza, na inapaswa kujua inamuuliza nani.